Kabla hujamfunga kizazi mbwa wako, uliza: kinatolewa nini, kinabaki nini?

Mbwa jike wengi huingia kwenye joto kwa mara ya kwanza wakiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 12. Wenye maumbo makubwa huweza kuchelewa zaidi. Familia huwa haihitaji kuambiwa. Madume ambao hawajawahi kuonekana mtaani huja kulala nje ya uzio, hupigana usiku kucha, na asubuhi watoto wanaokwenda shule hulazimika kupita katikati yao.

Uzio ukiwa na tundu moja tu, yanayofuata yanajulikana. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, kisha nyumba inakuwa na watoto wa mbwa watano, sita au zaidi. Wawili wanachukuliwa na majirani, mmoja na shangazi. Waliobaki wanakua bila chanjo, na wengine huishia kuachwa karibu na soko au jalala. Wakati huo huo mama yao, aliyekuwa mpole kwa kila mtu, anaweza kumng'ata mtoto wa nyumbani aliyechungulia tu kuwaona vichanga.

Hapo ndipo wazazi wengi husema, "Huyu tumfunge kizazi, yaishe." Uamuzi huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba maneno "kufunga kizazi" yanaweza kumaanisha upasuaji wa aina tofauti, na kila aina humwachia mbwa maisha tofauti.

Neno moja, upasuaji tofauti

Kwa binadamu, mama anayefunga kizazi hukatwa au kufungwa mirija ya uzazi. Ovari zake zinabaki, mji wa mimba unabaki, na hedhi inaendelea kama kawaida. Wazazi wengi hudhani mbwa naye hufanyiwa hivyo hivyo.

Sivyo. Upasuaji uliozoeleka kwa mbwa jike huondoa ovari zote mbili pamoja na mji wa mimba. Ovari ndizo zinazotoa mayai na homoni za kike. Zikiondoka, mbwa haingii tena kwenye joto, haitoi damu na havutii madume.

Kuna tofauti nyingine ya kukumbuka. Mwanamke hufikia ukomo wa hedhi, lakini mbwa jike hana ukomo huo. Asipofungwa, huendelea kuingia kwenye joto, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, hadi uzeeni. Kila joto linapopita, mji wa mimba hubaki kwa wiki kadhaa chini ya homoni zinazouandaa kwa mimba, hata kama mimba haipo.

Hali hiyo ndiyo huleta ugonjwa unaoogopwa sana na madaktari wa wanyama: usaha kwenye mji wa mimba. Takwimu za mbwa wenye bima nchini Sweden zimeonyesha kuwa kati ya robo na moja ya tano ya majike wasiofungwa kizazi hupata ugonjwa huo kabla ya kufikisha miaka 10. Huja zaidi ndani ya miezi miwili baada ya joto. Mbwa hunywa maji mengi kupita kawaida, hukataa chakula, hutapika na kulala tu. Baadhi hutokwa usaha ukeni, wengine hawaonyeshi chochote kwa nje. Asipotibiwa haraka hufa.

Kwa hiyo mzazi anayepima aina za upasuaji anapaswa kuangalia mambo matatu kwa pamoja: mimba, joto na magonjwa ya baadaye. Njia inayozuia mimba tu haimalizi hayo mengine mawili.

Kutoa ovari na mji wa mimba

Hii ndiyo njia ya zamani na ndiyo inayofanywa katika kliniki nyingi. Daktari hulaza mbwa kwa dawa ya usingizi, hufungua tumbo chini ya kitovu, hufunga mishipa ya damu na kutoa ovari mbili pamoja na mji wa mimba.

Faida zake ziko wazi. Mimba haipo tena, joto linakoma, na hatari ya usaha kwenye mji wa mimba inaondoka karibu yote. Ikifanywa mapema, inaaminika pia kupunguza uvimbe wa matiti, ambao kwa majike wasiofungwa ni jambo la kawaida na mara nyingi hugeuka saratani.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1969 ulikadiria kuwa jike aliyefungwa kabla ya joto la kwanza alikuwa na hatari ya uvimbe huo sawa na asilimia 0.5 tu ya ile ya jike asiyefungwa. Baada ya joto la kwanza ilikuwa asilimia 8, na baada ya la pili asilimia 26. Watafiti wa Uingereza waliopitia tafiti za aina hiyo mwaka 2012 walisema ushahidi wake si imara kama ilivyodhaniwa. Hata hivyo hakuna aliyeonyesha kuwa kuchelewa kunamlinda mbwa dhidi ya uvimbe wa matiti.

Hasara zake nazo zipo. Mbwa asiye na ovari hunenepa kwa urahisi. Baadhi, hasa wenye uzito wa zaidi ya kilo 20, huanza kuvuja mkojo wakiwa wamelala, miezi au miaka baada ya upasuaji. Tatizo hilo kwa kawaida hutibika kwa dawa, lakini dawa hizo huweza kuwa za maisha.

Kutoa ovari tu

Katika nchi kadhaa za Ulaya, ikiwemo Uholanzi, madaktari wengi wa wanyama wamekuwa wakitoa ovari na kuuacha mji wa mimba. Hoja yao ni rahisi: bila homoni za ovari, mji wa mimba hunywea na kulala. Hauna tena kinachouamsha kutengeneza usaha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht walifuatilia kwa miaka majike waliofanyiwa njia hizi mbili. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 hawakuona tofauti ya maana, iwe kwa magonjwa ya mji wa mimba au kwa kuvuja mkojo.

Faida ya kutoa ovari tu ni kidonda kifupi zaidi na kazi ndogo ndani ya tumbo. Kwa jike kijana mwenye afya, ni njia inayomaliza matatizo yale yale kwa kukata kidogo. Sharti lake ni moja: ovari zitoke zote. Kipande kidogo kikisahaulika, mbwa anaweza kurudi kwenye joto na mji wa mimba ukaugua. Na kama mji wa mimba umeshaanza kuugua, au mbwa ana mimba, daktari huutoa pia.

Kuacha ovari, kutoa mji wa mimba

Hii ndiyo njia mpya inayozungumzwa sana na wafugaji wa mbwa wakubwa. Daktari hutoa mji wa mimba na shingo yake, kisha huacha ovari moja au zote mbili ili mbwa aendelee kupata homoni zake.

Wanaoitetea wana hoja ya kusikilizwa. Homoni za ovari husaidia mifupa kufunga kwa wakati wake na husaidia misuli inayobana mkojo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023, uliokusanya majibu ya wamiliki wa mbwa zaidi ya 6,000, ulihusisha muda mrefu wa kuishi na homoni na nafuu katika baadhi ya matatizo ya afya na tabia. Lakini majibu hayo yalitolewa na wamiliki wenyewe, na watu wanaochagua njia hii huwa ni wafuatiliaji wa karibu wa mbwa wao.

Hasara yake inaihusu familia moja kwa moja. Mbwa aliyeachiwa ovari bado anaingia kwenye joto. Damu huwa kidogo sana au haipo, hivyo familia inaweza isitambue, lakini madume watatambua. Watakuja getini, watapigana, naye atakubali kupandwa. Atahitaji kufungiwa takriban wiki tatu kila joto, sawa na wiki sita kwa mwaka, kwa maisha yake yote. Hatari ya uvimbe wa matiti nayo inabaki.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki kuna jambo jingine ambalo haliwasumbui sana wafugaji wa nchi ambako mbwa hawazururi. Ipo saratani ya sehemu za siri inayohama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine wakati wa kupandana. Huonekana kama nyama nyekundu iliyochanua na kutoa damu. Hustawi palipo na mbwa wengi wanaozurura. Jike asiyeweza kubeba mimba lakini bado anapandwa bado anaweza kuipata.

Upasuaji wenyewe pia ni mgumu zaidi. Shingo ya kizazi lazima itolewe yote, kwa sababu kisiki kitakachobaki kinaweza kujaa usaha, na ovari zipo kukichochea. Unahitaji kidonda kirefu zaidi na daktari aliyekwishaifanya kazi hiyo.

Kufunga mirija peke yake

Huu ndio upasuaji unaofanana na wa binadamu. Unazuia mimba na hakuna zaidi. Joto linaendelea, madume wanakuja, usaha kwenye mji wa mimba unawezekana, uvimbe wa matiti unawezekana. Mbwa amelazwa kwa dawa ya usingizi na kufunguliwa tumbo, lakini sehemu kubwa ya hatari imebaki ndani. Ndiyo maana madaktari wengi wa wanyama hawaipendekezi.

Matundu madogo na kamera

Baadhi ya wazazi husikia kuhusu upasuaji wa matundu madogo na kudhani ni njia nyingine tofauti. Hiyo ni namna ya kuingia tumboni. Kinachotolewa ni kile kile, mara nyingi ovari tu.

Daktari hutoboa tundu moja hadi matatu, hujaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi ili apate nafasi, kisha huingiza kamera na vifaa vyembamba. Ni teknolojia ile ile inayotumika hospitalini kutoa nyongo ya binadamu. Mbwa huumia kidogo zaidi na hurejea katika hali yake mapema.

Kikwazo ni mashine, mafunzo na gharama. Katika kliniki nyingi za kawaida upasuaji bado hufanywa kwa kufungua tumbo. Mzazi asiyeweza kuipata huduma hii asijione amemnyima mbwa wake haki. Upasuaji wa kawaida uliofanywa vizuri, kwa usafi na kwa dawa za maumivu za kutosha, unatosha kabisa.

Sindano si njia ya mkato

Wapo wanaokwepa upasuaji kwa kumchoma mbwa sindano za homoni za kuzuia joto, wakati mwingine zile zile za uzazi wa mpango wa binadamu. Kwa mbwa, homoni hizo huongeza hatari ya usaha kwenye mji wa mimba, uvimbe wa matiti na kisukari. Familia inayotafuta unafuu wa bei inaweza kujikuta ikilipia upasuaji wa dharura, tena kwa mbwa aliyekwisha kudhoofika.

Umri na umbo la mbwa

Wazazi wengi wanaohofia kutoa ovari huhofia mifupa. Hofu hiyo ina msingi, ila hauwahusu mbwa wote kwa kiwango sawa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliona kuwa German Shepherd waliofungwa kizazi kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipata matatizo ya viungo mara nyingi zaidi kuliko wasiofungwa. Kwa mbwa machotara, hatari hiyo ilionekana kwa wale wa kilo 20 na kuendelea. Wadogo zaidi ya hapo hawakuonyesha ongezeko hilo.

Maana yake ni kwamba kwa mbwa mkubwa, dawa ya hofu hiyo inaweza kuwa kusubiri tu. Afungiwe vizuri katika joto la kwanza, akomae, kisha atolewe ovari. Si lazima aachiwe ovari maisha yote ili viungo vyake vipone. Mbwa wa kienyeji mwenye umbo la wastani anaweza kufungwa mapema zaidi, kabla ya joto la kwanza.

Upasuaji haupangwi mbwa akiwa kwenye joto, isipokuwa kwa dharura. Wakati huo mishipa ya damu ya mji wa mimba huwa imejaa na kuvuja damu ni rahisi. Madaktari hupendelea kusubiri miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kuisha.

Nyumba tatu, majibu matatu

Chukua familia yenye mbwa wa kienyeji wa miezi sita, uzio wa michongoma na watoto wadogo. Hapo hakuna cha kujadili sana. Ovari zitoke, pamoja na mji wa mimba au bila huo, kulingana na alivyozoea daktari. Kumwachia ovari mbwa ambaye hawezi kufungiwa ni kumwachia matatizo.

Familia ya pili ina German Shepherd wa miezi minane, ukuta mrefu na banda lenye kufuli. Hii inaweza kusubiri hadi avuke mwaka, mradi kila mtu nyumbani, hadi dada wa kazi na mlinzi, ajue geti halifunguliwi ovyo mbwa akiwa kwenye joto.

Familia ya tatu ina jike wa miaka saba aliyezaa mara mbili. Wengi husema, "Huyu ameshazeeka, mwache." Lakini huu ndio umri ambao usaha kwenye mji wa mimba huanza kubisha hodi. Akipimwa na kuonekana yuko salama kulazwa kwa dawa ya usingizi, kumfunga bado kuna faida, na mara nyingi daktari atachagua kutoa vyote.

Katika nyumba zote tatu, hakuna sababu ya kiafya ya kumwacha jike azae kwanza mara moja. Wala hapotezi ulinzi. Mbwa hulinda kutokana na uzao wake, malezi na mafunzo.

Maswali ya kumuuliza daktari

Tanzania ina Baraza la Veterinari linalosajili madaktari wa wanyama, na mzazi ana haki ya kuuliza kama anayemhudumia amesajiliwa. Mtu anayechanja ng'ombe vizuri si lazima awe daktari wa upasuaji. Baada ya hapo, uliza haya:

- Utatoa nini na utaacha nini?
- Kwa nini umechagua njia hiyo kwa mbwa huyu, kwa umri na uzito wake?
- Umeshaifanya mara nyingi?
- Nani ataangalia mapigo ya moyo na upumuaji wakati wewe unapasua?
- Atapewa dawa gani za maumivu, siku ile na akirudi nyumbani?
- Ikitokea damu au homa usiku, tunampigia nani?

Daktari mzuri hakasirishwi na maswali haya. Majibu yake yaandikwe kwenye kadi ya mbwa, kwa sababu miaka mitano baadaye, akiugua, daktari mwingine atahitaji kujua kama ovari zipo au hazipo.

Siku 14 za nyumbani

Kidonda huhitaji siku 10 hadi 14. Katika muda huo mbwa haogeshwi, hakimbii, haruki na halambi nyuzi. Kola ya plastiki shingoni husaidia, hata kama watoto wataicheka.

Watoto waelezwe mapema kuwa rafiki yao ana maumivu tumboni na hata mbwa mpole huweza kung'ata akiguswa panapouma. Asikumbatiwe wala kubebwa. Mkubwa miongoni mwao anaweza kupewa kazi ya kukiangalia kidonda asubuhi na jioni akiwa na mzazi. Uvimbe unaokua, usaha, damu inayoendelea, kutapika au kukataa kula zaidi ya siku moja ni sababu za kurudi kliniki bila kusubiri.

Baada ya kupona, chakula kipunguzwe. Mbwa aliyetolewa ovari hutumia nguvu kidogo kuliko awali, na sufuria ile ile ya ugali na dagaa itamnenepesha.

Chanjo iko palepale

Kufungwa kizazi hakumkingi mbwa na kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Chanjo ya kila mwaka inaendelea, hata kama mbwa hatoki nje. Mtoto aking'atwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Lakini kazi ya chanjo huwa nyepesi pale mbwa wanapokuwa wachache na wanaojulikana. Kila uzao usiotakiwa huongeza mtaani mbwa ambao hakuna anayewahesabu. Kwa familia nyingi, jibu la kuaminika ni ovari kutolewa zote, kwa wakati unaolingana na umbo la mbwa, na mtu aliyesomea kazi hiyo. Kamera, urefu wa kidonda, na kama mji wa mimba nao utoke au ubaki, ni mambo ya kukubaliana na daktari baada ya hapo.